Wapiga Ramli wa Kiti cha Illinois

Tarehe 23 Aprili 2025, Bw. Richard Durbin, Seneta wa jimbo la Illinois nchini Marekani, alitangaza kwamba hatagombea tena kiti chake katika uchaguzi uliopangwa kufanyika Novemba 2026. Mzee huyo alikuwa amekikalia kiti hicho tangu Januari 1997. Mtu angetazamia kwamba tangazo la namna hiyo lingewafanya wachambuzi wa siasa wa huko wakae kwanza, wapime miaka ishirini na minane ya kazi, waseme lililotimia na lililoshindikana, kisha ndipo waulize nani anafaa kuipokea kazi hiyo. Haikuwa hivyo. Majina yalikwisha kupangwa safu mara moja, kama farasi kwenye uwanja wa mbio, na swali likawa moja tu: nani atashinda?

Kazi hiyo wenyewe huiita uchambuzi. Jina lake la haki ni ramli. Tofauti iliyopo ni kwamba mpiga ramli wa kijijini humwaga mchanga juu ya ubao, na hawa wa Chicago na Washington humwaga dola.

Msomaji atazame jinsi ubao wenyewe ulivyosomwa katika siku zile. Jina la kwanza lilikuwa la Bw. Raja Krishnamoorthi, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Sifa yake iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa kwamba mfuko wake wa kampeni ulikuwa na takriban dola milioni 19, ambazo sheria ya nchi hiyo inamruhusu kuzihamisha kutoka uchaguzi wa Baraza na kuzipeleka kwenye uchaguzi wa Seneti. Jina la pili lilikuwa la Bibi Juliana Stratton, Naibu Gavana wa jimbo. Sifa yake iliyotajwa mbele ya zote ilikuwa kwamba anaungwa mkono na Gavana J. B. Pritzker, mrithi wa ukoo wenye hoteli za Hyatt, ambaye mwaka 2018 alitoa zaidi ya dola milioni 170 za mfuko wake mwenyewe ili aupate ugavana. Jina la tatu lilikuwa la Bibi Robin Kelly, naye mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, ambaye aliwahi kukiongoza Chama cha Demokrati katika jimbo hilo. Upungufu wake ulielezwa kwa sentensi fupi: akiba yake ni ndogo.

Hivyo watu watatu wenye historia zao, kura walizopiga bungeni na maneno waliyoyanena mbele ya umma wakageuzwa kuwa mizani mitatu ya fedha. Wala isidhaniwe kwamba wachambuzi hao ni wajinga. La, ni watu waliosoma sana, wenye kumbukumbu za kila wilaya na kila uchaguzi. Tatizo ni kwamba elimu yote hiyo imetiwa nira ili ilime shamba la swali dogo kuliko yote yanayoweza kuulizwa juu ya kiti cha umma.

Na swali hilo, pamoja na udogo wake, lina madhara makubwa. Tajiri mwenye haja ya kuwa na rafiki katika Seneti hapendi kupoteza fedha zake. Akisoma kwamba fulani anaongoza, humpelekea hundi huyo anayeongoza. Hundi ikiisha kufika, mpiga ramli huihesabu, kisha hutangaza kwamba fulani sasa anaongoza zaidi. Tajiri wa pili husoma, naye huandika hundi. Utabiri umezaa fedha, fedha imezaa utabiri, na hakuna ajuaye tena kipi kilitangulia, kuku au yai. Wakati huo huo mgombea asiye na mfuko huambiwa na marafiki zake kwamba asijisumbue, na mpiga kura aliyempenda huambiwa kwamba ataiharibu kura yake. Siku ya kupiga kura inapowadia, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha kufanyika, na waliouamua ni watu ambao wangeweza kuenea katika ukumbi mmoja wa hoteli.

Yapo mengi ambayo hayakuulizwa kwa sauti kama hiyo. Mwaka 2001 Bw. Durbin, akishirikiana na Seneta Orrin Hatch wa Chama cha Republikani, alipeleka bungeni mswada wa kuwapa haki ya kuishi kwa halali vijana walioletwa Marekani na wazazi wao wakiwa watoto wadogo, ambao hawakuchagua kuvuka mpaka wowote. Tarehe 18 Desemba 2010 mswada huo ulipata kura 55 dhidi ya 41 katika Seneti. Katika nchi yoyote mtoto wa shule angesema umeshinda. Lakini kwa kanuni za Seneti ya Marekani zilihitajika kura 60 ili mjadala ufungwe na mswada upigiwe kura ya mwisho, na kwa hiyo mswada ukafa. Mzee aliurudisha tena na tena mpaka akatangaza kustaafu, na vijana waliotajwa mwaka 2001 sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Nani kati ya watatu hao angeubeba mzigo huo, na kwa mbinu gani mpya, iwapo ile ya zamani ilishindwa kwa zaidi ya miaka ishirini? Swali hilo lilistahili ukurasa mzima. Akiba ya Bw. Krishnamoorthi ndiyo iliyoupata ukurasa huo.

Au mtu achukue barabara kutoka Chicago, aelekee kusini takriban kilomita 600 mpaka ncha ya mwisho ya jimbo, mahali mto Ohio unapoingia katika mto Mississippi. Hapo upo mji uitwao Cairo. Mwaka 1920 mji huo ulikuwa na zaidi ya watu 15,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta 1,733. Kati ya tarakimu hizo mbili zimo habari za reli na meli zilizohamia kwingine, za ubaguzi wa rangi uliofanya wenye maduka wakubali kufilisika kuliko kuajiri watu weusi, na za hospitali iliyofungwa. Mwaka 2016 serikali kuu ililazimika kuichukua mamlaka ya nyumba za umma ya wilaya hiyo kwa sababu ya uendeshaji mbovu. Mwaka uliofuata wakazi wa majengo ya Elmwood na McBride, yaliyokuwa makao ya familia karibu mia mbili, waliambiwa wahame, na wengi hawakuwa na nyumba nyingine ya kupanga katika mji huo. Cairo ni sehemu ya Illinois sawasawa na majumba marefu ya Chicago, na Seneta wa Illinois ni Seneta wake. Lakini mji wa watu 1,733 wasio na fedha hauonekani juu ya ubao wa ramli. Hauongezi hundi, na kura zake hazibadilishi hesabu.

Kama ramli hiyo ingekuwa na usahihi, huenda wengine wangeivumilia kama wanavyomvumilia mganga mwenye kiburi anayeponya. Lakini jimbo hilo hilo lina historia inayopaswa kuwatia haya watabiri wote, na historia hiyo si ngeni kwa masikio ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2003 Seneta Peter Fitzgerald wa Chama cha Republikani alitangaza kwamba hatagombea tena mwaka uliofuata. Ramli ikapigwa. Katika Chama cha Demokrati walijitokeza wagombea saba. Aliyetangulia katika uchunguzi wa maoni mpaka Februari 2004 alikuwa Bw. Blair Hull, mfanyabiashara wa soko la hisa ambaye kampuni yake ilinunuliwa mwaka 1999 na Goldman Sachs kwa dola milioni 531. Bw. Hull hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, lakini alikuwa na nia ya kutumia mali yake, na aliitumia: takriban dola milioni 29 kwa ajili ya uchaguzi wa mchujo peke yake. Aliyehesabiwa kuwa mpinzani wake mkubwa alikuwa Bw. Dan Hynes, mdhibiti wa hesabu za jimbo na mwana wa kigogo wa chama mjini Chicago. Katika orodha hiyo alikuwamo pia mjumbe wa Seneti ya jimbo, mwalimu wa sheria, mwenye jina ambalo wengi hawakuweza kulitamka. Huyo alikuwa amegombea Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 dhidi ya Bw. Bobby Rush, akaangushwa kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Kwa kipimo cha wapiga ramli alikuwa amekwisha.

Tarehe 16 Machi 2004 Bw. Barack Obama alipata zaidi ya nusu ya kura zote katika kundi la wagombea saba. Bw. Hynes alikuwa wa pili. Bw. Hull na milioni zake 29 alikuwa wa tatu, mbali sana.

Ukweli usifichwe hapa. Bw. Hull aliangushwa zaidi na faili la talaka yake lililofunguliwa mahakamani, wala si hasira ya makabwela dhidi ya fedha zake. Na katika uchaguzi mkuu aliyeteuliwa na Republikani, Bw. Jack Ryan, ambaye naye alitajirikia Goldman Sachs, alijitoa Juni mwaka huo huo kwa sababu ya faili la talaka vile vile. Chama chake kikahangaika kutafuta mtu. Wakamtazama Bw. Mike Ditka, aliyekuwa kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani, naye akakataa. Mwishowe Agosti wakamwagiza Bw. Alan Keyes kutoka Maryland, jimbo jingine kabisa, kama mtu anavyoagiza kipuri. Bw. Obama alishinda kwa asilimia 70. Bahati ilikuwamo, na yeyote anayesema ushindi huo ulikuwa wa ubora mtupu anapiga ramli yake mwenyewe, ila anaipiga kinyumenyume.

Lakini lipo jambo jingine lililokuwamo ambalo wapiga ramli hawalisemi kwa sababu haliwafurahishi. Wakati ule ilikuwapo sheria iliyosema kwamba mgombea akitumia mali yake mwenyewe kupita kiasi, wapinzani wake waruhusiwe kupokea michango mikubwa zaidi ya kawaida. Kwa kuwa Bw. Hull alimwaga mamilioni, Bw. Obama aliruhusiwa kupokea hadi dola 12,000 kutoka kwa mtu mmoja badala ya dola 2,000. Yaani sheria ilijaribu, kwa namna yake ya kuchechemea, kumpa asiye tajiri jiwe la kusimamia ili akutane macho kwa macho na tajiri. Hata hapo mtu aliyetoa dola 12,000 hakuwa kabwela, jambo linaloonyesha umbali uliopo kati ya siasa hizo na mkulima wa kusini mwa Illinois. Na hata jiwe hilo halikudumu. Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria hiyo, ikisema inamwonea mwenye mali. Januari 2010 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi yaweza kutumia fedha bila kikomo kumpigia debe mgombea au kumwangusha, mradi tu hayakupatana naye. Anayestaajabu kwa nini mwaka 2025 majina matatu ya Illinois yalipimwa kwa milioni anaweza kuanzia hapo.

Baada ya ushindi ule, watabiri walifanya kile wafanyacho daima: walitangaza kwamba walijua. Kila mmoja alikumbuka siku aliyoiona nyota. Waandishi walimiminika mpaka kijiji cha Kogelo, nyumbani kwa baba yake Bw. Obama nchini Kenya, ambako alipozuru Agosti 2006 shule ilikwisha kupewa jina la Seneta Obama. Wanakijiji wale walikuwa na haki ya kufurahi; mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu. Lakini hata wao walifundishwa kuutazama ushindi kana kwamba ndio kazi yenyewe, wakaachwa wabahatishe wenyewe Seneta wa Illinois anaweza kuifanyia nini Kogelo.

Watetezi wa ramli wana hoja yao, nayo isipuuzwe. Wanasema mpiga kura ana haki ya kujua nani ana nguvu, asije akaitupa kura yake kwa mtu asiye na matumaini, na kwamba kuficha hesabu za fedha ni kumficha raia ukweli. Nusu ya hoja hiyo ni ya kweli. Fedha za wagombea lazima zitangazwe, senti kwa senti, pamoja na majina ya waliozitoa na wanachokitaka. Hiyo ni habari. Kinachofanywa ni kitu kingine: jumla inatangazwa kama sifa ya mgombea, na wenye kutoa wanabaki gizani. Mwaka 2024 katika jimbo la Ohio, mfuko wa wafanyabiashara wa sarafu za mtandaoni ulitumia takriban dola milioni 40 kumwangusha Seneta Sherrod Brown, aliyekuwa akitaka biashara yao idhibitiwe, na akaanguka. Mpiga kura wa Ohio alihitaji kujua milioni hizo zinanunua nini kuliko alivyohitaji kujua zinaongeza asilimia ngapi katika utabiri. Ama hiyo kura inayoitwa ya kutupwa, mwaka 2000 wapiga kura wa upande wa kusini wa Chicago waliompa Bw. Obama kura zao waliambiwa nini usiku ule ila kwamba wamezitupa?

Hoja nyingine ni kwamba mambo haya ni ya siku hizi, kwamba zamani viti vilikuwa safi. Illinois inaikanusha kwa ushahidi wa zaidi ya karne moja. Wakati huo Maseneta hawakuchaguliwa na wananchi bali na mabunge ya majimbo. Mwaka 1909, baada ya miezi ya kuvutana, bunge la Illinois lilimchagua Bw. William Lorimer. Mwaka uliofuata mjumbe mmoja wa bunge hilo, Bw. Charles White, alikiri hadharani katika gazeti la Chicago Tribune kwamba alilipwa dola 1,000 kwa kura yake. Julai 1912 Seneti iliutangaza uchaguzi wa Bw. Lorimer kuwa batili, na kashfa hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Wamarekani kuibadilisha katiba yao mwaka 1913, ili Seneta achaguliwe na wananchi wenyewe. Hazikupita hata miaka kumi na mitano. Mwaka 1926 wananchi hao hao wa Illinois walimchagua Bw. Frank Smith. Yeye alikuwa mwenyekiti wa tume iliyosimamia kampuni za umeme za jimbo, na ikagundulika kwamba Bw. Samuel Insull, mkuu wa kampuni hizo za umeme, alikuwa amemchangia dola 125,000 hivi. Januari 1928 Seneti ilikataa kumpa kiti. Katiba ilikwisha kubadilishwa. Mnunuzi alibadilisha tu mlango wa kuingilia dukani.

Na ndipo ukafika mwaka 2008. Bw. Obama alipochaguliwa kuwa Rais, kiti chake cha Seneti kilibaki wazi, na sheria ilimpa Gavana wa jimbo, Bw. Rod Blagojevich, madaraka ya kumteua wa kukijaza. Kwa majuma kadhaa magazeti yalifanya kazi yao ya kawaida. Nani atakipata? Majina yakapangwa, yakapanguliwa, yakapangwa tena. Miongoni mwa yaliyotajwa lilikuwamo la Bibi Tammy Duckworth, rubani wa helikopta aliyepoteza miguu yake yote miwili katika vita vya Iraki mwaka 2004, ambaye alikuja kukipata kiti hicho kwa kura za wananchi mwaka 2016. Gavana naye alikuwa akiulizana swali hilo hilo na wasaidizi wake kwa simu. Wapelelezi wa serikali kuu walikuwa wakisikiliza, wakamsikia akisema kwamba kitu alichoshika ni cha thamani na hawezi kukitoa bure. Alifikiria cheo, kazi yenye mshahara mnono, michango ya kampeni. Tarehe 9 Desemba 2008 alikamatwa nyumbani kwake alfajiri.

Hata baada ya kukamatwa alimteua mtu: Bw. Roland Burris, mwanasiasa mzee aliyekwisha kujijengea kaburi la mawe katika makaburi ya Oak Woods mjini Chicago, lenye orodha ya vyeo vyake vya maisha. Seneti ilisitasita, ikampokea Januari 2009. Tarehe 29 ya mwezi huo Seneti ya jimbo ilimwondoa Gavana madarakani kwa kura 59 bila hata moja ya kumtetea. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Watu wengi walicheka wakati ule, wakamwona Bw. Blagojevich kuwa kichaa aliyezaliwa peke yake. Hakuzaliwa peke yake. Alikuwa amesoma magazeti yale yale waliyosoma wenzake, akaamini yaliyoandikwa humo, kwamba kiti cha Seneti ni tuzo, na kwamba kila jina lina uzito wake wa dola. Kosa lake mahakamani lilikuwa kutaka kulipwa mwenyewe, waziwazi, kwa mkono wake. Waliokuwa wakiuliza kwa adabu nani ana mfuko mnene wa kukifikia kiti hicho hawakuwa na kesi ya kujibu.

Februari 2020 Rais Donald Trump alimpunguzia kifungo, akatoka gerezani baada ya miaka minane hivi. Tarehe 10 Februari 2025 alimpa msamaha kamili. Majuma kumi baadaye Bw. Durbin akatoa tangazo lake, kiti kingine cha jimbo hilo hilo kikaanza kutafutiwa mwenyewe, na hesabu za dola zikamwagwa upya juu ya ubao.